Rivyu: aplikesheni ya kufuatilia meli, na kitufe kimoja ambacho wafanyabiashara wengi wa Dom hawakibonyezi

Naipa nyota 4 kati ya 5, na nyingi kati ya hizo ni kwa ajili ya kitu kimoja ambacho wengi wanaoitumia hapa Dodoma hata hawajawahi kukigusa. Naongelea hizi aplikesheni za kufuatilia meli, ukiandika jina la meli unaona kipembetatu kwenye ramani, iko wapi, inaenda spidi gani, inategemewa kufika lini. Jina la hii ninayotumia mimi siliweki maana nina malalamiko nayo na sitaki kumharibia mtu biashara, halafu zote zinafanana sana, nitakayosema utayakuta hata kwa hiyo uliyonayo wewe.

Kwanza kwa wale watakaosema sisi watu wa kanda ya kati tunahusika nini na bahari. Ndugu zangu, mimi nauza vigae, masinki na vifaa vya sola hapa Majengo. Vigae vinapakiwa Nansha kule Guangzhou, vinapita Singapore, vinakatiza Bahari ya Hindi mpaka Dar, ndiyo vinapanda Morogoro kuja huku. Barabarani kutoka Dar ni kilomita mia nne na kitu, lakini sehemu kubwa kabisa ya safari imeshafanyika majini kabla dereva wa lori hajawasha injini. Dizeli ya hilo lori nayo imekuja na meli. Mbolea ya wakulima wa alizeti Singida imekuja na meli, na ngano ya kwenye maandazi tunayokula asubuhi sehemu yake hivyohivyo. Kwahiyo njia ya meli ikizibwa huko baharini, bei inayopanda ni ya hapa Dom.

Sasa aplikesheni yenyewe inavyofanya kazi. Meli zote za safari za kimataifa kuanzia tani 300 zinatakiwa kuwa na chombo kinaitwa AIS, kinarusha kwa redio jina la meli, mahali ilipo, uelekeo na spidi. Ikiwa inatembea inarusha kila baada ya sekunde chache, ikiwa imetia nanga inarusha kila dakika 3. Antena zilizoko pwani zinadaka, na mbali kabisa na pwani setilaiti ndiyo inadaka, halafu yote yanaishia kwenye simu yako. Hapo haijakosea aisee, wakala wangu wa forodha akiniambia dada meli bado iko nangani, naifungua naikuta kweli iko nje ya Dar imetulia na wenzake, basi najua hakuna sababu ya kumtafuta mwenye lori leo. Kwa mtu anayelipia stoo ya bandari kwa siku hiyo peke yake ni faida.

Lakini kilichonifanya niipende hivi ni kitufe cha kuonyesha miundo ya baharini. Kiko upande wa kulia kwenye alama ile ya karatasi zilizopangana, ukikibonyeza bahari inabadilika. Ulipokuwa unaona maji matupu na vipembetatu vya meli, sasa unaona vidoti na viboksi: majukwaa ya mafuta na gesi, mashamba ya mitambo ya upepo, maboya ya kupakulia mafuta, mabomba na nyaya za chini. Ukiongeza na kitufe cha njia za meli unaona na zile njia rasmi zimechorwa kama barabara za pande mbili, za kwenda huku na za kurudi kule, katikati kuna ukanda wa kuzitenganisha. Ya mwanzo kabisa ilikuwa mlango wa Dover, kati ya Uingereza na Ufaransa, mwaka 1967, leo zipo sehemu nyingi duniani na Singapore ni mojawapo, kontena langu linapita humohumo.

Jaribuni kitu hiki, vuteni ramani mpaka Ghuba ya Mexico, upande wa Louisiana na Texas. Mwanzoni unaweza kudhani skrini imeharibika, vidoti vya majukwaa vimejaa kama vimemwagwa. Halafu ukikuza taratibu unaanza kuona mistari mitupu inakatiza katikati ya hivyo vidoti, imenyooka, inatoka bandarini inakwenda mpaka bahari kuu, na ndani ya hiyo mistari hakuna kidoti hata kimoja, kuna vipembetatu vya meli tu vinafuatana. Nilikaa naangalia hiyo kitu dukani mpaka wateja wakaanza kuuliza kuna nini.

Nikamwonyesha mzee mmoja jirani yangu kule Kikuyu, amefanya kazi melini ujana wake wote kabla hajarudi nyumbani kulima zabibu. Nikamwambia shikamoo mzee wangu, hebu nielezee hii. Akaweka miwani, akaweka kidole kwenye mmoja wa ile mistari akaufuata taratibu mpaka mwisho wa tableti, akasema mwanangu hii ni hifadhi ya barabara. Nilielewa palepale. Sisi tunajua hifadhi ya barabara ni nini, sheria ya 2007 inasema mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu, ukijenga humo unapigwa X nyekundu ukutani na unajua kinachofuata. Wamarekani wameiweka hivyo baharini, kanuni zao zinasema ndani ya huo ukanda hakuna kisiwa cha kutengenezwa wala muundo wa kusimikwa utakaoruhusiwa, uwe wa muda au wa kudumu. Kanda nyingi zina upana wa maili 2 za baharini hivi. Nje ya hapo chimba unavyoweza, humo ndani waache meli wapite.

Tofauti na huku ni kwamba baharini hiyo X ni ngumu mno kuipiga. Nyumba ya tofali unabomoa asubuhi jioni kumeisha. Jukwaa lenye maelfu ya tani za chuma, limesimama kwenye maji ya mita mia, lina visima chini yake na mabomba yanayotoka, hilo huliondoi kirahisi, na aliyepewa leseni ana haki zake tayari. Hata sheria ya Marekani yenyewe inakiri hivyo, ukitaka kutenga njia mpya ya meli lazima uheshimu haki za waliokwishapewa maeneo kabla yako, ndiyo maana wanatakiwa kufanya utafiti kwanza wa njia za kuingia bandarini. Hili ndilo jambo ninalotaka wasomaji wa rivyu hii walishike kuliko habari ya nyota: njia inachorwa kwanza, vitalu vya kuchimba mafuta na gesi vinagawiwa baadaye. Ukigeuza mpangilio umeshachelewa.

Na sheria ya kimataifa ipo wala haijajificha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ibara ya 60, unairuhusu nchi yenye pwani kujenga miundo kwenye ukanda wake wa kiuchumi wa baharini na kuweka eneo la usalama kuizunguka lisilozidi mita 500, lakini ibara hiyohiyo inakataza kujenga mahali ambapo miundo au hayo maeneo yake ya usalama yataingilia njia zinazotambulika ambazo ni muhimu kwa safari za kimataifa. Tanzania tuliuridhia mwaka 1985. Na Jaji Warioba wetu, huyuhuyu aliyekuwa Waziri Mkuu, alikuwa mmoja wa majaji wa mwanzo wa mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari, 1996 mpaka 1999. Kwahiyo tusiambiwe haya mambo ni ya wazungu, tulikuwepo mezani.

Mita 500 kwenye simu inaonekana kaduara kadogo tu kuzunguka kidoti. Mi naona ni ndogo ukishajua meli inavyokuwa ikipoteza injini. Hapa kuna mifano na naomba mnivumilie maana ndiyo iliyonifanya niichukulie hii kitu serious. Tarehe 31 Januari 2022 meli ya mizigo Julietta D ilikuwa imetia nanga nje ya IJmuiden, Uholanzi, dhoruba ikaja nanga ikashindwa kushika, ikaburuzwa ikagonga meli nyingine ya Pechora Star, maji yakaingia chumba cha injini, mabaharia wakatolewa kwa helikopta, na meli ikabaki peke yake inaelea bila mtu mpaka ikaingia kwenye shamba la mitambo ya upepo lililokuwa linajengwa na kugonga msingi mmojawapo. Mwaka uliofuata, Aprili 2023, meli ndogo Petra L imebeba nafaka kutoka Szczecin kwenda Antwerp ikagonga mtambo wa upepo upande wa Ujerumani, ikafika bandari ya Emden ina tundu ubavuni ambalo mtu anaingia amesimama. Hiyo haikuwa imezimika, ilitoka tu kwenye njia yake.

Ya Baltimore nadhani wengi mliiona video. Machi 26, 2024, meli ya makontena Dali, urefu kama mita 300, umeme ukakata ikiwa inatoka bandarini, ikaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya daraja la Francis Scott Key, daraja likaanguka, mafundi 6 waliokuwa wanaziba mashimo ya barabara juu yake wakafa. Lile daraja lilifunguliwa 1977, zama ambazo meli za ukubwa ule hazikuwepo. Muundo umekaa palepale, meli zikaendelea kukua, nafasi ikabaki ileile. Na India, Julai 27, 2005, kwenye eneo la mafuta la Mumbai High, meli ya huduma iligonga bomba linalopandisha gesi kwenye jukwaa, moto ukateketeza jukwaa zima, watu 22 wakapoteza maisha. Hii ya mwisho ni meli iliyokuwa na kazi palepale kwenye jukwaa, sio mpita njia, lakini inaonyesha chuma na chuma vikigusana kwenye gesi kinatokea nini.

Turudi kwetu. Ukibonyeza kitufe hichohicho halafu ukaja pwani ya Tanzania unaona vitu vichache mno, na mimi hiyo naiona ni bahati kubwa. Pale Kigamboni, Mjimwema, kuna boya la kupokelea mafuta, meli kubwa ya mafuta inajifunga pale nje na mafuta yanakuja nchi kavu kwa bomba la chini ya bahari, sehemu kubwa ya dizeli inayofika vituo vya Dodoma kupitia Dar imepitia pale. Kusini kuna Songo Songo, gesi iligunduliwa 1974 na tangu 2004 inakuja kwa bomba ambalo kama kilomita 25 zake zimelala chini ya maji mpaka Somanga. Kaskazini Tanga kuna gati la Chongoleani, refu kama kilomita 2 kuingia baharini, kwa ajili ya lile bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, na bomba hilo kabla halijafika huko linapita Singida na linapita mkoa wetu wa Dodoma. Yaani mtu wa Chemba ana bomba linalopita jirani yake ambalo mwisho wake ni muundo uliosimama ndani ya bahari ya Hindi.

Halafu kuna vinavyokuja. Mkataba wa awali wa mradi wa gesi asilia ya kimiminika wa Lindi ulisainiwa Juni 2022 hapahapa kwetu, Ikulu ya Chamwino, na Equinor na Shell. Ile gesi iko mbali, kilomita kama 100 kutoka pwani, kwenye kina cha zaidi ya mita 2,000, na kwa kina hicho vifaa vingi huwa vinakaa chini kabisa ya bahari ambako meli hata hazijui vipo, lakini mabomba yatakuja pwani, meli za kubebea gesi zitakuja pwani, gati litajengwa. Duru ya nne ya kunadi vitalu ilizinduliwa 2013, ya tano imekuwa ikiandaliwa. Kesho keshokutwa kuna mtu atataka kuweka mitambo ya upepo, mwingine vizimba vya samaki, mwingine hoteli juu ya nguzo. Kila kimoja peke yake kina hoja nzuri. Mkondo wa Zanzibar nao haupanuki, na humohumo kuna boti za abiria za Unguja, majahazi ya mkaa na nazi, meli za makontena, wavuvi wenye taa za betri usiku.

Maamuzi ya haya yote yanafanyika hapa. Wizara ya Nishati iko Mtumba, Wizara ya Uchukuzi iko Mtumba, Bunge liko hapa. Bahari iko mbali lakini mhuri uko kwetu. Ningekuwa na nafasi ya kumwomba kitu mkurugenzi yeyote anayepita kununua vigae dukani kwangu, na wanapita, ningemwomba afungue hiki kitufe, aangalie Ghuba ya Mexico, halafu aangalie mkondo wa Mafia na wa Zanzibar vikiwa bado vyeupe, na mistari ichorwe sasa hivi kabla kidoti cha kwanza hakijawekwa mahali pabaya. Gharama ya mstari kwenye ramani ni ndogo kuliko ya kitu kingine chochote katika habari hii. Na watu wa kuuchora tunao, TPA wa bandari wapo, TASAC wanaosimamia usafiri wa meli wapo, Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) ndilo linalopitisha hizo njia zikawa rasmi kwa meli za dunia nzima, kinachotakiwa ni nishati na uchukuzi wakae meza moja mapema.

Kuna na suala la miundo iliyokufa, ambalo aplikesheni inalionyesha kwa alama yake tofauti na nimelipenda. Jukwaa likiisha gesi linabaki limesimama. Miongozo ya kimataifa ya 1989 inataka yale yaliyo kwenye kina kifupi yaondolewe yote, na kuanzia Januari 1998 hairuhusiwi kuweka jipya ambalo halikubuniwa liweze kuondolewa lote. Ukiliacha nusu chini, juu yake yabaki maji ya mita 55 angalau ili meli ipite. Hili liandikwe kwenye mikataba mwanzoni pamoja na pesa ya kuondolea iwekwe pembeni, maana kampuni ikishamaliza gesi yake na kufungasha utamdai nani.

Haya, malalamiko sasa. La kwanza, ile data ya setilaiti wameifungia kwenye kifurushi cha bei, ukiwa wa bure meli ikishatoka karibu na pwani inapotea kabisa, unabaki na mahali ilipoonekana mara ya mwisho tu, na mteja amekaa mbele yako anasubiri jibu. La pili, malipo ni kwa kadi pekee, hakuna M-Pesa wala Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) moja kwa moja, itabidi utengeneze kadi ya mtandaoni kwenye simu ndiyo ulipie, inawezekana ila inachosha. La tatu na ndilo kubwa, miundo mipya inachelewa kuonekana. Kuna sehemu niliona meli zinazunguka mahali kama wanakwepa kitu na kwenye ramani hapakuwa na kitu, baada ya muda ndiyo kidoti kikatokea. Kwangu mimi muuza vigae haina madhara, ila mtu mwenye chombo asije akathubutu kuendeshea meli kwa hii, ramani rasmi za baharini na matangazo rasmi kwa mabaharia ndiyo ya kutegemea. Na la nne, majahazi na mitumbwi yetu haionekani kabisa maana haina AIS, kwahiyo ukiangalia Mkondo wa Zanzibar kwenye simu unaonekana una nafasi kibao wakati ukisimama Bagamoyo kwa macho yako unaona matanga kila upande. Mtu wa ofisini akipanga bahari kwa kuangalia skrini peke yake atawasahau hao, na ni wengi.

Kiswahili hakuna, ingawa maandishi ni machache na alama zinaeleweka. Bando inakula ukiwasha miundo na njia na meli zote kwa pamoja, mimi naziwasha nikiwa kwenye waifai ya dukani, nikiwa njiani naacha meli tu.

Nani anunue: waagizaji, mawakala, wenye malori, walimu wa jiografia tena hawa hata cha bure kinawatosha, maana miundo na njia vinaonekana bila kulipa, kinachofungwa ni setilaiti. Kama una kontena moja kwa mwaka usilipie mwaka mzima, lipia mwezi ambao meli yako iko njiani halafu usitishe, na usitishe mapema kabla ya tarehe kwa sababu pesa inajikata yenyewe. Kwenye simu yenye memori ndogo usiidaunlodi, ifungue kwenye brauza, kitufe cha miundo kipo palepale kulia.